Maji ya Mdumwe na Matanga ya Akida Stambuli

Machi 4, 1912, Jumatatu

Kosa la watu wengi wanaotaka kulipa kisasi ni kuanza na mtu. Humwendea adui wakiwa na hasira usoni, naye huwaona wangali mbali, akafunga mlango. Mimi ni mzee, mbio sina. Nitaanza na mto.

Nieleze kwanza, maana nimefundisha miaka mingi, na tabia ya kueleza haijanitoka. Mto Mdumwe unazaliwa juu ya kijiji chetu, katika msitu wa ukoo wetu. Mluguru huhesabiwa kwa mama. Ardhi, msitu na makaburi hufuata tumbo. Kutoka msituni maji hushuka, hupita bustani za wanawake bondeni, hufika mjini Morogoro, na stesheni ya gari la moshi huyanywa kabla hayajaingia Mto Ngerengere. Katika msitu ule hakuna aliyekuwa akikata hata ufito. Hatukuwa na maandishi juu ya jambo hilo. Tulikuwa na woga, na woga ulitosha.

Kiangazi kilichopita Akida Stambuli aliamuru msitu ukatwe kuni za gari la moshi. Yeye ndiye mkono wa serikali ya Wajerumani huku kwetu: hukusanya kodi, huamua kesi, huchapa watu. Amekulia pwani, huvaa kanzu na kilemba, na akiulizwa kabila lake hujibu kwamba yeye ni mstaarabu. Lakini mama yake, Bi Asia, ni wa hapa hapa mlimani, na ukoo wa Bi Asia ni watani wa ukoo wetu tangu enzi za mababu. Mpwa wangu Salehe, mtoto wa dada yangu Chausiku, alikataa kushika shoka. Akida alimlaza chini barazani kwake, akachapwa kiboko mbele ya watu. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Wiki ile ile akafa.

Hilo si lote. Siku ya mazishi akida alikuja akasimama ukingoni mwa kaburi, akasema kwa sauti, "Watani zangu, mwanamume gani huyu? Kafa kwa fimbo kama nyoka!"

Kwa desturi yetu mtani husema lolote msibani, na mfiwa hakasiriki, hucheka. Ukikasirika umevunja utani, na aliyevunja utani hana wa kumzika. Basi tulicheka. Mimi nilicheka. Chausiku, mama wa maiti, alicheka mpaka akaanguka.

Kicheko kile bado kiko tumboni mwangu. Naandika ili nione kitatoka kwa njia gani.

Machi 9

Mvua ya kwanza ya masika. Kabla ya adhuhuri mto umekuwa na rangi ya uji wa ulezi.

Machi 12, Jumanne

Leo akida amepanda mlima na Mzungu kijana, mwenye miwani na nyavu ndogo za vitambaa, kama za kuchujia tui.

"Shikamoo, Mwalimu Rehani," akida akasema. "Huyu bwana katoka chuo kikuu cha kwao. Anatafuta vidudu vya mtoni. Nikamwambia, mlimani kote yuko mzee mmoja tu mwenye muda wa kupoteza."

"Marahaba, mtani. Umefanya vema kumleta kwangu. Angefuatana nawe, vidudu vyote vingehama."

Alicheka. Nami nikacheka. Hivyo ndivyo tunavyozungumza, mimi na mtu huyu, na asiyejua angedhani tunapendana.

Mgeni anakijua Kiswahili, ila ni kile cha kitabuni. Husema "nimefurahi mno kukutana na wewe" hata kwa mbuzi. Nilimwuliza chuo kikuu ni nini hasa. Akaniambia ni mahali ambapo watu wazima wenye ndevu bado ni wanafunzi, na kila mmoja huchagua jambo dogo akalisoma mpaka afe. Yeye amechagua viumbe wadogo wa maji yaendayo kasi. Nimekubali kumwongoza na kumtafsiria. Watoto wamekwisha kumpa jina: Bwana Vidudu.

Chausiku alipomwona bondeni, suruali imekunjwa magotini, aliniuliza, "Kaka, huko kwao hawana wadudu?"

"Wanao. Wamekwisha kuwahesabu."

"Basi masikini. Amekosa kazi."

Machi 18, Jumatatu

Leo nimesoma kama mtoto, na sina budi kulieleza jambo hili vizuri, kwa kuwa ndilo silaha yangu.

Tulikwenda kwanza katika kijito cha upande wa pili wa kilima, ambacho msitu wake haujaguswa. Bwana Vidudu aliinua jiwe majini, akaligeuza. Chini yake palikuwa na mji mzima. Kulikuwa na kidudu bapa chenye nyuzi tatu mkiani, kinachong'ang'ania jiwe ili kisichukuliwe na maji. Kulikuwa na kingine kinachojijengea nyumba kwa chembe za mchanga, kikaishi ndani kama mtu katika kanzu. Kulikuwa na kaa wachanga. Alinieleza kwamba viumbe hawa hupumua maji safi na baridi. Tope likishuka, huwaziba matamvua wanayopumulia na kujaza nyufa wanamojificha. Kambare wadogo huwala hao, ndege huwala kambare, na sisi tunakunywa kilichobaki. Kwa hiyo mtu akitaka kujua afya ya mto, asitazame maji tu, maana maji hupita. Atazame wanaokaa ndani yake, maana wao hawana pa kwenda.

Kisha tukaja Mdumwe, chini ya visiki vya msitu wetu. Akageuza jiwe. Akageuza la pili na la tatu. Palikuwa na utelezi na minyoo myekundu tu.

"Mto huu ni mgonjwa sana," akasema.

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja, labda. Si zaidi. Miti ilikatwa lini?"

"Kiangazi kilichopita," nikajibu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, miguu majini, nikihisi furaha mbaya inanipanda kifuani. Mwaka mzima nimejua kwamba akida ameua. Leo nimempata shahidi ambaye hawezi kuchapwa kiboko.

Machi 19

Mvua. Wanafunzi hawakuja. Nimenoa kalamu.

Machi 27, Jumatano

Nimemwomba Bwana Vidudu ateremke nami mjini, amweleze Bwana Shauri, mkuu wa boma, alichokiona. Amekataa.

"Mwalimu, mimi nimekuja kwa ajili ya elimu. Mambo ya shauri si yangu. Chuo changu kimenituma kujua."

"Na ajuaye, kazi yake nini?"

"Kuandika. Kitabu kitasomwa na wataalamu."

"Wapi?"

"Kwetu."

"Kwa lugha gani?"

Alikuwa akifunga vichupa vyake, kila kidudu ndani ya pombe kali, kisiharibike. Nikamwambia, "Bwana, umewatoa viumbe wa mto wetu, umewalevya, unawapeleka Ulaya. Wenye mto watabaki na nini?"

"Nitawashukuru katika dibaji."

Sikujua nicheke au nimpige. Tangu siku ya kwanza nilimwona mtu mwema. Leo namwona kama yule mgeni anayekuja kuonja chungu cha kila nyumba, akaondoka bila kusema ni chungu kipi chenye sumu. Akida huchukua miti, huyu huchukua majibu. Nimemweka yeye pia katika hesabu yangu ya kisasi.

Aprili 2

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Chausiku anasema udongo wa mlimani unatoa sauti, kama mtu anayegeuka kitandani.

Aprili 8, Jumatatu

Mlima umeshuka.

Kulipambazuka kimya, kisha ukasikika mngurumo upande wa msitu uliokatwa. Mizizi ilikuwa imekwisha kuoza, haikuwa na nguvu ya kushika kitu. Mteremko mzima wa visiki uliteleza, ukaingia mtoni, na mto ukaubeba. Bustani za bondeni zimefunikwa. Mihogo ya Chausiku, magimbi yake, mpunga wake wa kando ya maji, vyote viko chini ya tope linalofika kiunoni. Kidimbwi ambamo wanawake huchota maji hakipo tena. Pamesawazika, mtu asiyekijua angepita akidhani ni uwanja. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa watu walikuwa bado majumbani. Alhamdulillahi.

Nilimkuta Bwana Vidudu amesimama katika tope, amevua miwani, analia. Si kikohozi wala mvua usoni. Analia kwa sauti. Alikuwa ameweka alama katika mawe ya mtoni ili ayarudie kila wiki. Mawe yote yamezikwa.

Chausiku alikuwa akijaribu kuvuta shina moja la gimbi. Akamtazama kwa muda, akaniambia kwa Kiluguru, kisha akarudia kwa Kiswahili ili naye asikie: "Kaka, mwambie Bwana namwonea wivu. Yeye wamekufa wadudu wake, na amepata nafasi ya kulia. Mimi kafa mwanangu, nikachekeshwa."

Bwana Vidudu akauliza maana yake. Nikamweleza habari yote ya Salehe, shoka, kiboko, na kaburi. Nilieleza polepole, bila kuongeza kitu, kama ninavyofundisha hesabu. Akavaa miwani tena.

"Hukuniambia," akasema.

"Hukuuliza. Ulisema mambo ya shauri si yako."

Aprili 9

Bwana Vidudu hakwenda mtoni leo. Alishika koleo, akamsaidia Chausiku mpaka jioni. Hajui kushika koleo.

Aprili 17, Jumatano

Bi Asia, mama wa akida, amefariki alfajiri. Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mpole, na Salehe alipokuwa akiugua yeye peke yake katika nyumba ile ndiye aliyeleta uji.

Kwa desturi, watani ndio wanaochimba kaburi. Basi ni sisi. Mimi ni mkubwa wa watani wote upande wetu, kwa hiyo siku ya leo imenikabidhi kitu ambacho nisingethubutu kukiomba.

Nimewaza njia nzima nikielekea kwa akida. Nilikuwa na tusi tayari, nimelitunza mwaka mzima kama mbegu, tusi juu ya mama yake, sawasawa na lile alilomtupia Salehe. Nilipouona ule mwili mdogo chini ya sanda, tusi likanigomea mdomoni. Uji ule ulinizuia. Nikasema moyoni: mama simgusi. Lakini mwanawe sijamsamehe hata punje.

Tulichimba. Jeneza likaja, watu wengi, sheikh mbele, akida nyuma yake na kilemba cheusi. Askari wake wawili pembeni. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Walipotaka kushusha maiti, mimi nikashuka kwanza. Nikalala chali kaburini, mikono kifuani, nikafumba macho.

Watu wakaangua kicheko. Wanajua mchezo huu: mtani hulala kaburini mpaka alipwe kitu, ndipo atoke.

"Mtani, toka humo," akida akasema, naye akicheka. "Hapo si pako bado."

"Naona pananifaa. Udongo wa hapa umetulia. Wa kwetu siku hizi hutembea."

Kicheko kikazidi, kisha kikapungua. Waliokuwa wamefukiwa bustani walikuwa pale.

"Unataka nini, mzee? Mbuzi? Shuka?"

"Mbuzi nitamla, atakwisha. Nataka msitu wa chemchemi."

"Msitu gani? Kumebaki visiki!"

"Basi nipe visiki. Shoka lisiingie tena pale wala mlima wa jirani yake. Na wewe mwenyewe, kwa mikono yako, uje upande miti."

"Mtani, una wazimu. Akida ashike jembe?"

"Basi tuzikane pamoja, mimi na Bi Asia. Nitamsalimia Salehe."

Hapo Chausiku akajitokeza katikati ya wanawake. Akasimama ukingoni mwa kaburi, watu wote wakimwona, akamtazama akida, akasema kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka nyuma: "Bi Asia, shoga yangu, pole. Ulikuwa mwema wewe. Kosa lako moja tu: ulizaa kiboko, ukakiita mtoto!"

Hakuna aliyecheka. Watu wote walimtazama akida, maana kicheko cha kwanza ni cha mfiwa. Niliona kutoka chini pale nilipolala jinsi shingo yake inavyojaa. Mkono ulimwendea askari, ukarudi. Angekasirika, utani ungekuwa umevunjika, nasi tungeondoka sote na majembe yetu, mama yake amelala juu ya ardhi. Mvua ikaanza kudondoka juu ya sanda.

Akacheka. Ha, ha, ha. Kama mtu anayetapika.

"Akida," sheikh akasema taratibu, "maiti hasubiri."

"Chukua!" akanipigia kelele. "Chukua huo msitu! Nimekupa! Nitapanda! Toka!"

Nikatoka. Tulimzika Bi Asia vizuri, kwa heshima zote.

Aprili 18

Nimelala kama mtoto. Mwili wote unauma kwa udongo wa baridi.

Aprili 22, Jumatatu

Akida ametuma tena watu wenye mashoka. Wamepanda leo kwenye mlima wa jirani, penye kile kijito chenye afya ambacho Bwana Vidudu alinionyesha. Nilipomwuliza msimamizi wao, alisema akida kamwambia: "Yale yalikuwa maneno ya utani. Mimi mtu wa pwani, sifungwi na michezo ya washenzi."

Hili ni kosa ambalo mtu wa huku pekee angeweza kulifanya, na wa huku aliyejisahau: anadhani utani ni maneno. Utani ni kazi. Watani wana kazi mbili katika msiba. Ya kwanza ni kuzika, na hiyo tumeifanya. Ya pili ni kuondoa matanga: mtani huja, huifagia nyumba ya mfiwa, humnyoa nywele, humwaga maji ya msiba, na ndipo mfiwa hurudi kuwa mtu kati ya watu. Kabla ya hapo hakuna atakayekula chakula chake, wala kumpa mkono, wala kuingia chini ya paa lake.

Stambuli amesahau kuwa hajanyolewa.

Aprili 24

Nimewaita wakubwa wa ukoo. Nimewaambia, "Sitawaomba mfanye lolote. Nawaomba msifanye." Wameelewa kabla sijamaliza.

Aprili 30, Jumanne

Habari kutoka kwa akida. Mpishi ameondoka, anasema mama yake amemkataza kupika katika nyumba ya matanga. Wanawake hawamletei maji. Ijumaa watu walimwachia safu nzima peke yake msikitini. Jana aliketi barazani kuamua kesi, wenye kesi wote wawili wakapatana wenyewe njiani wasimfikie. Ndevu zimemwota. Alijaribu kujinyoa mwenyewe, lakini mkewe alipiga yowe, akautupa wembe chooni.

Chausiku aliponisimulia haya alikuwa akitwanga, na mapigo ya mchi hayakubadilika.

Mei 6, Jumatatu

Nimeitwa bomani. Akida amenishitaki kwamba nazuia kazi ya serikali. Bwana Vidudu akasema atafuatana nami, sikumwomba.

Bwana Shauri aliketi nyuma ya meza, amechoka na joto. Akida alikuwa pembeni, nywele kama kichaka.

"Mzee, ni kweli umekataza watu wasifagie nyumba ya akida?"

"Bwana, sikumkataza mtu. Wa kufagia ni mimi, na nyonga zinaniuma. Nililala mahali penye unyevu."

Karani aliinama kuficha meno. Bwana Shauri hakuona la kuchekesha. Alisema kuni za gari la moshi lazima zipatikane, na mzee anayeleta fitina hupewa kiboko hata kama ni mwalimu. Nilikuwa tayari. Naomba niseme ukweli: niliogopa, lakini nilikuwa tayari.

Ndipo Bwana Vidudu aliposimama. Alisema kwanza kwa Kijerumani, sauti ikipanda, mpaka Bwana Shauri akainua kichwa. Kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili akida asikie na mimi nishuhudie. Alisema ameisoma mito miwili, mmoja wenye msitu na mmoja usio nao. Alisema maji ya Mdumwe sasa hubeba mlima, na maji hayo ndiyo yanayojaza tangi la stesheni. Tope hilo litaganda ndani ya birika la gari la moshi, lile linalochemsha maji ya kuliendesha, mpaka lipasuke. Alisema kijito cha pili kikikatwa, kiangazi kijacho mji hautakuwa na maji ya kunywa, si kwa mtu mweusi wala mweupe. Alisema ataandika hayo katika chuo chake, na jina la aliyeonywa ataliandika pia.

Bwana Shauri aliuliza jambo moja tu: birika linaweza kupasuka lini?

Amri imetoka leo leo. Mashoka yashuke. Chemchemi na vilima vyote viwili vitawekewa mipaka, na akida asimamie upandaji wa miti.

Nimerudi nyumbani na ushindi ulio mchungu. Salehe alipokufa hakuna aliyeuliza lini. Birika la gari la moshi lilipougua, amri ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Lakini nimemfuta Bwana Vidudu katika hesabu yangu ya kisasi. Amejua, akasema, mahali pa kusemea. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya ajuaye.

Mei 7

Bado sijamfagilia. Amri ya serikali ni ya serikali. Ahadi ya kaburini ni yangu.

Mei 13, Jumatatu

Amekuja. Peke yake, kwa miguu, bila askari, bila kilemba. Nywele na ndevu zilikuwa zimeshikana kwa vumbi na jasho. Alisimama nje ya uzio wangu, kwa kuwa mwenye matanga haingii.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

"Nimechoka, Mwalimu. Mke wangu analala kwa wazazi wake. Hata mbwa ananitazama vibaya."

"Mbwa ana haki. Hajawahi kuona nywele nyingi hivyo kwa kiumbe asiye mbwa."

Hakucheka. Nami sikucheka. Kwa mara ya kwanza tulizungumza bila kucheka, na niliona kwamba anaogopa.

Nikampa jembe. Tulipanda hadi kwenye mteremko ulioshuka, na watu wakatufuata, kila nyumba. Chausiku alikuwa amekwisha kufika na miche ya mikuyu na miti ya maji ambayo wanawake waliichimbua kwenye kijito cha pili. Akida alichimba. Kila alipochimba shimo la juujuu, Chausiku alilifukia kwa mguu na kusema, "Zaidi." Viganja vilimchubuka. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Hakuna aliyempa maji, na mto ulikuwa hapo hapo, mchafu, akaunywa kwa viganja vyake. Nilimwangalia akiunywa mpaka mwisho.

Mche wa mwisho ulipokaa, nilimnyoa pale pale kwa wembe wangu. Kichwa chake kilikuwa chini ya mkono wangu, na shingo. Sitaandika nilichowaza.

Jioni nilikwenda na Chausiku kuifagia nyumba yake. Akida alimwambia Chausiku, "Mtani, tumemaliza?"

Chausiku akajibu, "Umemaliza matanga ya mama yako. Ya mwanangu hayana mtani wa kuyaondoa." Akaondoka.

Watu hupenda kusema kisasi hakishibishi. Mimi nimeshiba.

Mei 20, Jumatatu

Mvua zimepungua. Bwana Vidudu ameondoka kwa gari la asubuhi.

Kabla ya kwenda, tulikaa wote mtoni, wenye bustani na wakubwa wa ukoo, na kwa mara ya kwanza alitusomea alichoandika, kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Chausiku alimkosoa mahali pawili, naye akafuta. Nimemwambia sharti letu. Chuo kikitaka kutuma wasomi wengine, waje, lakini kwanza watuambie waliotangulia walijua nini. Wafundishe vijana wetu kugeuza mawe. Na wakiona mto unaugua, waseme hapa, kwa mwenye mto na kwa mwenye amri, kabla hawajasema huko. Chuo kinachosoma mto wetu na kuondoka na majibu kimechota maji ya kijiji na kuvunja mtungi. Akakubali. Sijui kama wakubwa wake watakubali. Ningeweza kuota, ningeota chuo kama hicho hapa chini ya milima hii, wanafunzi wake ni watoto wa watu hawa, kila masika wako majini, wakubwa wao hawalazimiki kuvuka bahari ili kujua kilichokufa nyuma ya nyumba.

Jambo moja alilolisema halikutupendeza. Alisema mto hautapona kwa miti ya juu peke yake, kwa kuwa bustani zetu zinagusa maji, na kila jembe linapotikisa ukingo, udongo huingia mtoni. Watu walinung'unika. Walitaka mkosaji awe mmoja, naye amekwisha kunyolewa. Hata mimi nilitaka hivyo.

Chausiku alinyanyuka. Alikuwa amepanda upya mahindi kando ya maji, yamefika magotini. Akaanza kung'oa mstari wa ukingoni, shina baada ya shina, akiyalaza juu ya udongo.

"Dada," nikamwambia, "utakula nini?"

"Nitakula ya juu. Sitaki Stambuli apite hapa akiniona nafanya kazi yake ya kuua mto."

Basi ninyi mnaojifunza kusoma barazani kwangu kwa maandishi yangu haya, leo hii, kabla hamjala, nendeni mashambani kwenu mkang'oe mstari wa mahindi ulio karibu zaidi na maji.